Tumbo la Sponji

Jumatatu, 3 Machi
Kipimo kimetoa mistari miwili. Sikuruka, sikulia. Nimekitupa kwenye takataka, nikarudi kwenye cherehani kumalizia suruali ya mwalimu. Huyu ni wa nne. Watatu waliotangulia, hakuna aliyemaliza mwezi wa tatu. Sina hamu ya kufurahi — furaha nayo inachosha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia mume wangu. Akasema "Haya," akaendelea kupiga pasi shati lake. Mara ya kwanza alikimbilia kununua kitanda cha mtoto. Siku hizi tunakianikia soksi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Simlaumu.

Wifi yangu, tunayeshona naye chumba kimoja, hakuhitaji kuambiwa. Eti safari hii nilale tu kitandani, ikifika siku nipasuliwe, kazi yote nimwachie daktari. Nikamjia juu! Wale watatu wametoka wenyewe, hawakuniuliza. Huyu nataka nimtoe mimi, kwa pumzi zangu na nguvu zangu. Angalau mara moja nijue mwili huu unanisikia.

Jumamosi, 8 Machi
Nyuma ya zahanati kuna ukumbi, wanafundisha kuzaa kwa njia ya kawaida. Mwalimu ni mkunga mstaafu, wanawake wanamwita Mama Pumua. Nimempigia simu. Kacheka kwa upole: bado wewe, mwanangu, darasa ni kuanzia mwezi wa saba wa mimba.

Mwezi wa saba! Mimi nitaufikia wapi?

Jumapili, 9 Machi
Nimetoa sponji kwenye mto wa kochi, nikaichonga kwa mkasi, nikaivisha kitambaa cha pamba na mikanda miwili ya kufunga mgongoni. Fundi ni fundi — hata kitovu nimeweka. Nikajitazama kwenye kioo cha wateja. Jamani, nilivyopendeza! Nikakaa chini nikalia mpaka kamasi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimekwenda. Nimesema miezi minane, hakuna aliyeguna. Tulichuchumaa, tukapumua: vuta kwa pua, toa kwa mdomo, taya lilegee. Mama Pumua kanisifu mbele ya wote, eti huyu atazaa akiimba. Jirani yangu wa mkekani kauliza, wako anacheza? Nikasema, usiseme, hanipi usingizi! Uongo ulinitoka kilaini, na kwa kitambo kidogo niliuamini.

Wifi kaliona tumbo kwenye begi. Kaliangalia weee. Unajitia uchuro, wewe. Nikamuuliza, uchuro gani tena uliobaki? Kaenda kushona vifungo.

Jumatano, 19 Machi
Kiuno kinauma. Huenda ni kukaa sana kwenye cherehani. Huenda. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 22 Machi
Niko chooni, kule kule ukumbini. Mama Pumua kaja na jipya leo — anapapasa matumbo, mmoja mmoja, aone watoto wamelalaje. Kabla yangu walibaki wawili. Hapo hapo kiuno kikanibana, nikakimbilia huku, nikishukuru kabisa nimepata kisingizio. Mjinga mimi.

Damu. Si matone.

Nimelivua lile tumbo. Liko mapajani, naandikia juu yake. Mkono nisipoupa kazi nitapiga ukelele.

Nimeshaguna mara moja, wamenisikia. Yule jirani wa mkekani anashangilia huko nje: uchungu umemshika! Jamani, uchungu umemshika! Mwingine anasema nina bahati, wake mwaka juzi ulichelewa mpaka akatiwa dripu. Kuna anayetafuta gari.

Mama Pumua yuko mlangoni. Anagonga taratibu, na sauti yake nzuri ile. Fungua, mwanangu. Usiogope, wa miezi minane anaishi vizuri tu. Pumua kama nilivyokufundisha. Ila usisukume. Bado, mama, usisukume.

Sisukumi. Mungu anaona, nimebana miguu yote miwili.