Pembe Zilizopigwa Msasa

Sharjah, Jumanne, baada ya kazi

Kwako Mama Kendi wangu,

Nakusalimu wewe, nawasalimu kuku wako wote, na hata yule jogoo anayenifukuza mimi peke yangu mpe salamu, ingawa najua hatazipokea. Goti la kushoto linaendeleaje? Uliposema kwa simu kwamba “liko tu,” nilijua halijapona, maana wewe ukisema kitu kiko tu, kiko vibaya. Mimi ni mzima. Joto la hapa linakausha shati kabla sijamaliza kulikamua, lakini nakula na nalala, na lile tumbo uliloniagiza nilipunguze limekataa maagizo.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu unacheka kabla sijafika mwisho. Barua ataileta yule mwenzetu wa Runyenjes anayerudi Ijumaa. Atafika hadi hapo Nchiru kwenye kioski chako. Najua unachotafuta humu ni kitu kimoja: je, nimetia sahihi miaka miwili mingine, au narudi? Nakuona ukiruka mistari. Usiruke. Jibu liko chini, na nimeliweka huko makusudi, maana nina mambo mawili ya kuungama kwanza. Moja ni la diski, la pili ni la ile picha.

Uliniambia mwezi uliopita, “Baba Kendi, amua. Nimechoka kuolewa na simu.” Nilicheka, tukaagana, halafu nikakaa kitandani muda mrefu bila kuvua viatu.

Basi, diski. Unajua kazi yangu ni kwenye bohari inayopokea kompyuta kuukuu za maofisini. Tunazifungua, tunatoa kinachofaa, kingine kinaenda kuyeyushwa. Hapo ndipo Athumani, tunayelala naye chumba kimoja, mtu wa Tanga anayekicheka Kiswahili changu kila asubuhi, aliponipa habari za sarafu za mtandaoni. Akasema ziko zinazochimbwa kwa mashine kubwa zinazokula stima kama kinu cha kusaga mahindi. Na ziko hizi nyingine, zisizotaka nguvu, zinazotaka nafasi tu. Unajaza diski mafaili makubwa makubwa, kila moja linaitwa ploti, kisha unayaacha yakae. Mtandao unauliza swali mchana kutwa. Siku jibu likikutwa kwenye ploti yako, unapata sarafu. Wenyewe wanaiita kulima. Nikasema, sasa hii ni kazi ya Mmeru.

Hapo nikafanya kosa la lugha, maana kwetu ploti ni kiwanja. Nilikuambia kwamba kufikia Pasaka nitakuwa na ploti mia mbili. Ukauliza kwa sauti ya kanisani, “Ziko barabarani ama ni za ndani?” Kabla sijaeleza ulikuwa umeshampigia dada yako wa Karurumo, naye nasikia alishachagua yake, karibu na maji. Mwombe radhi. Zote mia mbili zinaenea ndani ya kopo la unga.

Lakini ulipoelewa, uliuliza swali ambalo mimi na digrii yangu ya nusu hatukuuliza: “Hiyo mashine inakula nini?” Ni swali la baba yako. Watu wote sokoni wanauliza ng’ombe anatoa lita ngapi, yeye anauliza anakula kiasi gani. Wakati huo nilikuwa karibu kununua mashine moja yenye taa za rangi, inang’aa kama duka siku ya Krismasi. Nikairudisha kwenye rafu. Badala yake nikachukua kikompyuta kidogo kilichotupwa na ofisi fulani, kimya kama sungura, kinakula stima ya balbu. Ploti zikishajazwa, hicho kinatosha. Tena nikapima, nikaona diski kubwa na diski ndogo zinakula karibu sawa, kwa hiyo afadhali kufuga moja kubwa kuliko nne ndogo za kugombania lishe.

Usidhani nilikuwa mwerevu moja kwa moja. Kazi ya kutengeneza zile ploti ni kuandika na kufuta, kuandika na kufuta, na mimi nikaipa kidiski chepesi cha kasi, kile cha mtu wa kuandika barua na kutazama picha. Hakikumaliza mwezi. Athumani akakigeuza mkononi, akasema, “Bwana, umemlimisha mbuzi.” Nikaenda kutafuta ng’ombe, yaani diski ya kazi nzito.

Sasa kumbuka Muthara, mwaka wetu wa kwanza. Najua huhitaji kukumbushwa, jambo hilo umelisimulia hata kwenye harusi za watu. Nilikwenda soko la mifugo peke yangu nikakuletea ng’ombe mwenye pembe laini zinazong’aa, hazina pete hata moja. Mwenye kuuza alisema ndio kwanza atazaa mara ya kwanza. Hukuzitazama pembe. Ulimshika mdomo, ukaufungua, ukatazama meno, ukaufunga taratibu kama mlango wa mgonjwa, ukasema, “Umetuletea shosho.” Kila ndama huacha pete kwenye pembe, kikongwe anazo nyingi, na wauzaji wanazipiga msasa zipotee. Mimi sikujua. Mtoto wa baba yako alijua. Yule Shosho tulimlisha miaka miwili akitutazama tu.

Wiki iliyopita nikaenda na Athumani kwa mwuza diski. Diski, Mama Kendi, huandika ndani yake saa zote ilizofanya kazi tangu izaliwe. Yule bwana akachomeka moja kubwa, akanigeuzia kioo cha kompyuta. “Rafiki, tazama mwenyewe. Sufuri. Haijawahi kufanya kazi hata siku moja.” Bei yake haikuwa ya mpya, akasema ni kwa sababu sanduku lilipotea. Ilikuwa inang’aa. Mkono wangu ulishaingia mfukoni.

Halafu nikakusikia ukifunga ule mdomo.

Nikamwomba aichomoe. Nikaigeuza nikatazama meno yake, yale ya dhahabu ya kuchomekea waya. Yalikuwa yamechubuka kama ufunguo wa ghala. Nikatazama matundu ya skrubu: yamekwanguka pande zote. Hii ilikuwa imefungwa na kufunguliwa na watu wengi. Nikasema kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza haikuja, “Huyu ni shosho.”

“Anasema nini?” mwuzaji akamwuliza Athumani.

“Anasema hii ni bibi kizee, umempiga msasa.”

Nilitegemea akasirike. Alinitazama kichwani, akatazama kola ya shati langu, akacheka mpaka akashika meza. “Na wewe je, rafiki? Wewe nani amekupiga msasa?”

Nikajigusa shingoni. Vidole vikatoka vyeusi.

Sasa ungamo la pili. Ile picha niliyokutumia, ukanijibu, “Huyu kijana ni nani, na mume wangu umemweka wapi?” Nilikuambia ni mwanga wa simu. Haikuwa mwanga. Msimamizi wetu alisema wanaoonekana kuchoka hawataongezewa mkataba, basi Athumani akanipaka piko, ile rangi nyeusi ya nywele, siku moja kabla ya picha ya karatasi mpya za mkataba. Nikapita. Msimamizi akasema nina nguvu za kijana. Nilifurahi siku mbili nzima, na siku ya tatu jasho likaanza kuungama kwenye kola.

Mwuzaji alipomaliza kucheka alitoa sanduku jingine chini ya meza. Diski nane zilizotoka kwenye mitambo ya kampuni moja, saa zake zote zimeandikwa, nyingi, hakuna iliyofutwa. “Hizi ni za mtu anayejua,” akasema. Nikazisikiliza moja moja sikioni kama unavyosikiliza tumbo la ng’ombe. Mbili zilikuwa zinagonga, nikazikataa. Sita nikachukua, kwa bei ya kikongwe. Zimefanya kazi kweli, lakini zimekiri, na mtu akijua umri wa kitu anajua asikitwike mzigo gani.

Nilirudi nazo chumbani nikaziweka kitandani, nikakaa kando yake, kola nyeusi. Sitaki kukuchosha na niliyoyafikiri. Nilijiona tu nimeuzwa kwa miaka miwili mingine na saa zangu zimeandikwa sufuri, na atakayekuja kuyalisha hayo mabaki ni wewe.

Usitegemee sarafu hizi zitatulisha. Bei yake inapanda na kushuka, na wenye diski ni wengi kuliko majibu. Zitakuwa kama kuku wawili wa ziada nyuma ya nyumba, na stima ikipotea zitalala na sisi. Lakini hapa nimejifunza kutambua kompyuta iliyochoka na ile iliyotupwa bure, na hao wanafunzi wa hosteli, wateja wako, wanauziwa mashosho kila muhula. Nitengee nusu ya ule upande wa kioski unakoweka magunia. Nataka meza, balbu na kiti kimoja, na nitazikagua meno hizo kompyuta kabla hawajanunua.

Karatasi ya mkataba nimemrudishia msimamizi leo mchana. Haina sahihi. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia mke wangu amechoka kuolewa na simu. Akaniuliza kama tiketi ni ya mwisho wa mwezi. Ni ya mwisho wa mwezi.

Msalimie Kendi wetu huko chuoni, mwambie asimwahidi mtu ploti yoyote. Msalimie dada yako wa Karurumo, nitampelekea manukato badala ya shamba. Ndugu yangu wa Muthara mwambie atafute mbao za ile meza, na asinilaghai, nimeamka. Na baba mkwe wangu mpe salamu zake peke yake, kwa mikono miwili. Mwambie nimeuliza inakula nini.

Piko sijaongeza. Inatoka pole pole, nyeupe inarudi kutoka pembeni. Siku nitakayofika, usijisumbue kutazama pembe. Nitafungua mdomo mwenyewe.

Wako wa saa zote zilizoandikwa,

Baba Kendi