Kibuyu cha Mama Mkwe

Mofu, 4/3/1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na Baba na wadogo zangu pia. Mimi sijambo kidogo tu. Tangu niolewe huku kwa kina Makoye tumbo limenigeuka. Linajaa, linanguruma, linanikata mpaka nainama shambani, halafu natafuta kichaka mbio. Zahanati wamenipa dawa ya minyoo mara tatu, wapi! Na kila asubuhi mama mkwe ananiletea kibuyu cha maziwa mgando, anasimama hapo mpaka nimalize. Nifanyeje?

Mwanao, Levina

Kibaoni, 15/3/1996

Mwanangu Levina,

Marahaba. Sisi wazima, hofu ni kwako. Lakini barua yako nimeisoma nikicheka. Tumbo linajaa! Hiyo si minyoo mwanangu, hiyo ni mimba! Nimewaambia akina mama wa jumuiya, Balbina akapiga vigelegele. Nakutumia maharage na vitunguu kwa Telesphory, yule mchuuzi wa samaki mwenye baiskeli. Kula, na maziwa usiyaache.

Mama yako

Mofu, 9/4/1996

Mama,

Shikamoo. Sina mimba. Telesphory alianza kutoa pongezi tangu kivukoni, na mama mkwe akaongeza kibuyu cha jioni. Maharage yako nilikula siku mbili, ya tatu nilishinda chooni. Juzi nikaingia siku zangu, wakajua. Sasa wanasema nimewadanganya, na maziwa nikiyatapika nawadharau wao na ng'ombe wao. Makoye ananitetea, lakini sauti yake inazidi kuwa ndogo. Mama, umenimaliza. Pete inaanguka kidoleni. Naogopa kula, naogopa kutokula.

Levina

Kibaoni, 20/4/1996

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe, mdomo wangu ndio umekuponza. Nimekwenda kwa daktari kwa niaba yako, nikamweleza yote bila haya. Anasema wako watu ambao matumbo yao hayapatani na baadhi ya vyakula. Si kurogwa, si kudeka. Acha maziwa, maharage, vitunguu, maembe na chapati. Kaa na wali mweupe, perege wa kuchemsha na chumvi, chai ya rangi. Likitulia, rudisha kitu kimoja, ngoja siku tatu, ndipo ujaribu kingine.

Na nikwambie nililoficha. Maziwa hata mimi yananitesa tangu usichana. Ndiyo maana hukuyaona nyumbani kwetu. Niliona aibu kusema.

Mama yako

Mofu, 12/5/1996

Mama,

Shikamoo. Wiki mbili za wali na perege, nimevuna mpunga bila kuinama kwa maumivu. Nikajaribu mchicha, salama. Nikajaribu kitunguu, nikarudi kichakani. Lakini kibuyu sijakigusa, na mama mkwe hasemi na mimi. Ameita wazee Jumamosi ya tarehe 25. Ninywe mbele yao au nifungashe. Nikinywa nitaumbuka palepale. Nisipokunywa ndoa imekwisha, na Makoye nampenda. Sijui nishike lipi.

Levina

Mofu, 27/5/1996

Mama,

Shikamoo. Juzi nilishindwa hata kukuaga. Sikujua kama unakuja. Ukasimama mbele ya wazee wale, ukasema, "Tumbo hili amelitoa kwangu, hana kosa. Heshima yenu nitainywa mimi." Ukakipokea kibuyu, ukanywa chote, ukakigeuza waone. Wazee wakapiga makofi. Mimi peke yangu nilijua unakunywa nini.

Jana asubuhi mama mkwe aliniwekea wali na chai ya rangi, akaenda zake bila kusimama. Nililia.

Lakini Telesphory, aliyekupakia kwenye baiskeli hadi kivukoni, anasema ulimsimamisha mara sita kabla ya kivuko, na mara ya mwisho alikungoja mpaka akaingiwa na hofu. Ulifika? Nijibu, Mama. Siwezi kula kabla sijajua.

Levina

Kibaoni, 5/6/1996

Mwanangu Levina,

Marahaba. Nilifika. Nililala siku nne, leo nimekunywa uji wa mchele ukakaa. Habari za tumbo langu usiniulize, na huyo Telesphory mwambie barabarani mambo mengine hayaonwi.

Wewe leo umekula nini?

Mama yako