Kila Akinyonya Wanamwita Jina Jipya

Mshauri wetu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Wamaza na ninaomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu mimi Falonne nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, mwenye mashavu mazito na nywele kichwa kizima, na tangu siku hiyo nyumba yetu haijanyamaza, wanawake wanaingia na kutoka, huyu analeta kuni, huyu analeta karanga, huyu anakuja kucheka tu, nami ningesema sina shida yoyote kama mtoto huyu angekubali kunyonya kwa amani.

Nikimpa ziwa analikamata kwa pupa, anavuta kidogo, anakohoa, kisha anajirusha nyuma, anakunja ngumi na kulia mpaka uso mzima unakuwa mwekundu, halafu analitafuta tena kama mtu aliyenyang'anywa chakula chake, akilipata analiachia tena, na hivyo hivyo mpaka sisi wawili tumelowa maziwa na machozi, ingawa mkunga wa kituo cha afya alimweka kwenye mizani akafurahi, akasema mtoto ananenepa, niache kuogopa.

Sasa, Mshauri, shida yenyewe ni jina, maana mume wangu Jean-Pierre, anayebeba watu na mizigo kwa pikipiki kati ya hapa na Salamabila, alimpa mtoto jina la Raphaël, ambalo ni jina la marehemu baba yangu wa Kasongo, aliyefariki mimi nikiwa na mimba, na kabla ya kufariki aliweka mkono juu ya tumbo langu akacheka, akauliza kama humo ndani kuna nafasi ya jina lake, nikamwambia ipo, lakini katika ukoo wa mume wangu wanasema mtoto anayelia kwenye ziwa analilia jina, kwa hiyo lazima aitwe sikioni wakati ananyonya, akiendelea kunyonya jina ni lake, akiachia amelikataa.

Basi kila nikitaka kunyonyesha ninakalishwa kwenye kigoda katikati ya sebule, ninainama mbele, kichwa cha mtoto kinageuzwa ili sikio liwe wazi, na mama mkwe wangu, Mama Dieudonnée, ambaye ananipikia, ananikanda kwa maji ya moto na hataki niinue hata sufuria, anainama na kuita "Raphaël!" kwa sauti ile ile anayotumia kuita watu walioko shambani ng'ambo ya mto, na mtoto anaachia, analia.

"Munaona?" akasema shangazi wa mume wangu, Mama Victoire. "Jina ya Kasongo hapendi."

"Tumuite baba yangu," akasema mama mkwe. "Bakariii!"

Mtoto akalia kuliko mwanzo.

"Yoo! Muzee Bakari amekasirika!" Mama Victoire akadakia.

"Baba yangu hakukasirika hata siku moja, alikuwa mutu ya kucheka."

"Basi kulia vile njo kucheka yake, hausikie?"

Mimi nikacheka, kila mtu akacheka, isipokuwa mtoto, na siku iliyofuata Mama Victoire akaleta jina la Djamali, kaka yake mkubwa, na kwa kuwa yeye mwenyewe Victoire alikuwa amekauka sauti kwa kuimba kanisani, akalinong'ona tu kutoka mlangoni, mtoto akanyonya, akanyonya, akanyonya, basi wote wakapiga vigelegele kwa pamoja hata kuku wakatawanyika uani, na mtoto akashtuka, akaachia, akalia, wakasema Djamali naye amekataliwa.

"Bwana yangu," mama mkwe akamwambia mtoto, kama bibi anavyomwita mjukuu wake, "unataka tukuite nani? Tuambie, tulale."

Sasa Jumapili watu wa ukoo wanakuja kutoka Kabambare, mpunga umeshatwangwa, mbuzi amefungwa uani, na mbele yao wataliondoa jina la baba yangu, wamwite Bakari, tena mama mkwe amesema akilia na siku hiyo basi kosa ni la maziwa yangu, tutaanza kumpa uji wa muhogo kwa kijiko, na Jean-Pierre akisikia maneno hayo anawasha pikipiki yake anakwenda Salamabila.

Nina jambo moja la kukiri, nalo ni hili, wanawake wakienda kutwanga ninamchukua mtoto ninakwenda naye jikoni nyuma ya nyumba, ninajilaza kidogo juu ya gunia la mpunga, yeye kifuani, hakuna mtu wa kumwita, na hapo ananyonya kimya mpaka analala na maziwa kidevuni, na ninaogopa, Mshauri, labda huyu mtoto hataki jina lolote, au labda ninawaibia wazee, na siwezi kumwambia mama mkwe kwa sababu ninampenda na itakuwa kama ninasema mdomo wake ni mbaya, ndiyo maana nakuandikia wewe, maana kipindi chako cha redio kikianza hapa uani hata mchi unasimama kinuni, je, nikubali jina la baba yangu liondolewe ili mtoto anyonye?

Falonne, Wamaza.

---

Falonne, mwanangu,

Hongera kwa mtoto. Sasa pumua, kwa maana barua yako haina mahali pa kupumulia, nami nimeisoma kama mtu anayekimbia mbele ya mvua.

Hapana. Jina la baba yako lisiondolewe. Wala maziwa yako hayana kosa, na mtoto wako hajamkataa mtu yeyote, aliye hai wala aliyefariki. Umeniuliza swali ambalo jibu lake umeliandika wewe mwenyewe, ukaliita dhambi. Jibu liko jikoni, juu ya gunia la mpunga.

Ninyi nyote mnaosikiliza hapo uani, wekeni michi chini. Kila mmoja ageuze shingo mpaka kidevu kifike begani. Vizuri. Sasa mezeni mate. Mmeona shida yake? Basi mtoto mchanga anafanyiwa hivyo hivyo kila anapokula, ili sikio lake liwe wazi kwa wazee. Nani angekula bukari yake, ugali wake wa kila siku, namna hiyo asipige kelele?

Hilo ni la kwanza. La pili ni kigoda. Mama mzazi mwenye maziwa mengi, anayelishwa karanga na mkwe mwenye moyo mwema, akiinama mbele, maziwa yanamshukia mtoto kama maji ya mvua kutoka kwenye bati. Anakohoa, anajirusha nyuma ili asikabwe, kisha anarudi kwa sababu bado ana njaa. Wewe unaona hasira. Mimi naona mtoto mwenye akili. Juu ya gunia ulijilaza, yeye akawa juu yako, maziwa yakapanda polepole, akameza kwa kadiri yake. Hukuwaibia wazee kitu. Ulikaa vizuri, basi.

La tatu nalisema kwa heshima. Mtoto mchanga hushtuka. Akiitiwa sikioni kwa sauti ya kuvuka mto, ataachia ziwa hata ukimwita kwa jina la malaika. Ushahidi ni Djamali. Jina lilipokuja kwa sauti iliyokauka, mtoto alinyonya. Vigelegele vilipokuja, alilia. Mlimpigia kelele kwa furaha, kisha mkamshtaki Djamali! Mzee wa watu ametolewa katika ukoo kwa sababu ya kuku waliokimbia.

Sasa nikukemee kidogo, Falonne, maana hata wewe huna budi kusikia. Unasema unampenda mama mkwe wako, kisha unajificha jikoni mwake kama mgeni aliyeiba nyama. Mtu anayekukanda kwa maji ya moto anastahili kusikia ukweli kutoka kinywani mwako, si kutoka redioni. Umenituma mimi niseme unachoogopa kusema. Nitasema, lakini mara hii tu. Na wewe, Jean-Pierre, ukipita mahali penye redio huko Salamabila, geuza pikipiki. Jina ulilitoa wewe, na baba hatoi jina kisha akakimbia linapoulizwa. Jumapili uwe nyumbani, umesimama karibu na mke wako, pikipiki imezimwa.

Mama Dieudonnée, dada yangu, sasa nazungumza na wewe. Nimezeeka kama wewe, nami nina wajukuu. Ninajua ulichotaka. Ulitaka mtoto huyu asipite duniani bila kumjua baba yako aliyependa kucheka. Hilo ni jambo zuri na usiliache. Lakini yafaa ulifanye mtoto akishashiba. Anapokula, kazi yako ni mlango. Kaa hapo na kigoda chako, anayeingia na kelele mwambie angoje uani, hata akiwa Victoire. Falonne ajilaze akiegemea, tumbo la mtoto ligusane na tumbo la mama, kichwa, shingo na mgongo viwe katika mstari mmoja, pua ielekee chuchu, naye afungue mdomo wazi kabla ya kukamata. Maziwa yakianza kumwagika kwa nguvu, Falonne amtoe kidogo, yamwagikie kitambaa, kisha amrudishe. Msimwekee ziwa wakati tayari analia sana. Mtulizeni kwanza kifuani, ngozi kwa ngozi.

Akiachia katikati, upewe wewe. Mweke begani, msugue mgongo taratibu mpaka abeue, kisha mrudishe kwa mama yake. Kazi hiyo inahitaji bega lenye nyama na mkono usio na haraka, na mama aliyezaa mara ya kwanza hana hata kimoja. Bibi anavyo vyote viwili.

Uji wa muhogo ubaki katika sufuria. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nina haki ya kuwa mkali. Tumbo la mtoto mchanga halijaumbwa kwa muhogo, wala kwa maji, wala kwa dawa ya mizizi. Maziwa ya mama peke yake yanatosha mpaka atakapofikisha miezi sita, na mizani ya kituo imekwisha kutoa ushuhuda. Anayetaka kula uji aule yeye mwenyewe, na kama ni Falonne, mwongezeeni karanga.

Mjue pia kwamba jioni atalia. Hata mkifuata kila neno langu, watoto wachanga wengi wana saa yao ya kulalamika jua likishuka. Wanataka ziwa, hawalitaki, wanalitaka tena. Hapo msitafute mzee mwingine wa kumtwika lawama. Mbebeni, tembeeni naye uani, mwimbieni chini chini, atapita. Lakini mkiona mwili wake umewaka moto, au amelegea na haamki kunyonya, au vitambaa vyake vinabaki vikavu kutwa, au macho yake yamekuwa ya manjano, msingoje mtu wala redio. Pandeni pikipiki mara moja mpaka kituo cha afya.

Tumebaki na Jumapili. Mbuzi asifunguliwe kamba, karamu iko palepale. Watu wa Kabambare hawapandi njia ile mbaya ili warudi na njaa. Katika nchi yetu kila mtoto anaandikwa majina matatu, na ninyi mmekuwa mkigombana kana kwamba kuna nafasi moja tu. Raphaël lilitolewa na baba wa mtoto, na baba wa Falonne aliliomba akiwa ameweka mkono juu ya tumbo hilo; lisimame mbele. Bakari lifuate. La tatu liwe jina la nyumba ya Jean-Pierre. Djamali, ambaye hakufanya kosa lolote, aombwe radhi, aambiwe angoje mtoto wa pili.

Na jaribio la jina lifanyike hivi. Mtoto anyonye kwanza, jikoni, juu ya gunia lake, Falonne akiwa peke yake naye, na ukoo wote ungoje nje hata kama wali unapoa. Akiachia ziwa mwenyewe kwa kushiba, atolewe nje, awekwe begani kwa bibi yake. Hapo, Mama Dieudonnée, mjukuu wako atakuwa mzito na wa moto na ananukia maziwa, na sikio lake litakuwa karibu na mdomo wako bila mtu kumpinda shingo. Mwambie, "Bwana yangu, wewe ni Raphaël, wewe ni Bakari," kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake jambo la siri. Kisha endelea kumsugua mgongo.

Akibeua, amekubali. Mrudishe kwa mama yake, fungeni mlango, kisha nendeni nyote mbali kabisa, kwenye vinu, mkapige vigelegele mpaka kuku wahame.