Mama Eliza Hakuwa na Miwani

Mwalimu wangu,

Kuna sauti haijanitoka sikioni. Si yako. Ni ya mashine ya kusaga ya Mzee Shabani pale Kumsenga inapozimwa ghafla: mkanda unalegea, injini inakohoa mara ya mwisho, na sauti za wanawake zinabaki hewani peke yake, zikipiga kelele silabi iliyokuwa mdomoni. Ba! Ra! Ba! Kisha wanashtuka, wanajiziba midomo kwa kanga na kucheka mpaka machozi. Wewe ulikuwa umekaa juu ya gunia la pumba, unatazama nje barabarani kama mtu ambaye hajasikia kitu.

Niliposimulia habari hii kwa walimu wenzangu hapa Kasulu, hawakuelewa. Waliuliza kwa nini mwalimu mstaafu afundishe watu wazima kusoma kwenye kelele za namna ile, wakati shule ipo na madarasa Jumamosi ni matupu. Niliwajibu kwa maneno yako, maana sikuwa na bora zaidi. Ulisema, "Mashine inawaficha. Mtu mzima akikosea pale, nani atamsikia?" Wanawake walikuja na mahindi yao na mihogo yao mikavu, wakapanga foleni, na wakati wa kusubiri kila mmoja alishika chake cha kusoma: kiroba cha mbegu, gazeti la kufungia vitumbua, katekisimu iliyopoteza jalada. Kila mmoja akasoma kwa kupaza sauti yake yote, na jirani yake asisikie kitu. Wewe ndiye uliyezunguka, ukimwinamia huyu na yule, sikio lako karibu na mdomo wake. Ulirudi nyumbani jioni sikio moja limejaa unga.

Mzee Shabani alizoea kukutania kwamba wanawake wako wanapiga kelele kuliko mashine yake, na kwamba siku dizeli ikiadimika atawafunga wao mkanda. Ukamjibu kwamba wao angalau hawatoi moshi.

Na mimi nilisomea pale. Hili unalijua. Mama alikuwa akinibeba akija kusaga, nami nikajifunza herufi kabla sijafika darasa la kwanza. Usilolijua ni kilichonipata kidato cha kwanza, kule shule ya bweni, nilipoitwa kusimama na kusoma aya ya kwanza ya kitabu. Nilisoma kama nilivyozoea. Darasa zima lilianguka kwa kicheko na mwalimu akaziba masikio kwa mzaha. Mpaka namaliza kidato cha nne niliitwa Mashine. Likizo nilipokuja ukaniuliza shule ikoje, nikasema nzuri. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kusoma kwa sauti ya chini, ile laini ya watu wa redioni, na nikaitunza sauti hiyo kama mtu anavyotunza viatu vya Jumapili. Sikukwambia kwa sababu ungedhani umekosea mahali. Hapana, hiyo si kweli. Sikukwambia kwa sababu nilikuonea aibu.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako.

Ulipozikwa wakati wa kupalilia, wanawake wa mashineni hawakuacha. Jumamosi waliendelea kuja, na Mama Eliza akakaa kwenye gunia lako bila mtu kumchagua. Alizunguka na sikio lake kama wewe. Alikosea mengi, wakamsahihisha, wakaendelea. Miezi kadhaa baadaye wakaja watu wa tuzo. Walisema wanawatambua walimu wanaohamasisha usomaji vijijini, na kwamba jina lako limependekezwa, na kwa kuwa umetangulia wangependa mtu apokee kwa niaba yako. Watoto wako wako mbali. Wakanipigia simu mimi, kwa sababu nafundisha Kiswahili sekondari na najua kusimama mbele za watu. Nilikubali, nikaomba tu kwamba mmoja wa wanafunzi wako naye aseme neno. Wakauliza nani. Nikasema Mama Eliza.

Mwalimu, wewe ndiye uliyemjua kuliko sisi wote. Mwanamke aliyevuka miaka hamsini, wazazi wake walitoka Burundi, yeye mwenyewe amezaliwa hapa na uraia anao, lakini sokoni anakouza mawese bado wapo wanaomwita Mrundi wakitaka kumshusha bei. Na wewe ndiye uliyejua habari ya miwani. Popote penye karatasi, zahanati, kanisani, ofisi ya kata, alikuwa akijipapasa kifuani na kusema, "Aa, nimesahau miwani, hebu nisomee." Kijiji kizima kiliamini Mama Eliza ana miwani nyumbani. Hukuwahi kumuuliza. Siku moja ulimwambia tu aje mashineni, kwamba kule hata asiye na miwani anasoma.

Ile hotuba aliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja wa daftari. Akaifanyia mazoezi wiki nyingi, injini ikinguruma.

Ukumbi ulikuwa hapa Kasulu mjini. Maua ya plastiki mezani, maji ya chupa, wageni kutoka wilayani, wanafunzi wa shule mbili. Mama Eliza alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba chake kimekaa sawasawa. Akapewa kipaza sauti. Akafungua karatasi, akavuta pumzi, na akasoma kwa namna pekee aliyofundishwa kusoma.

Spika zilipiga yowe. Watu wakaruka vitini. Yeye hakuacha kusoma, alidhani ndivyo inavyokuwa. Sentensi ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, na mtu mmoja nyuma akasema, "Mama, hicho kipaza sauti ni kizima, kinafanya kazi." Ukumbi ukacheka. Wanafunzi wakacheka zaidi, na mmoja akaanza kuiga r na l zake. Mama Eliza akainua macho, akatutazama, akarudi kwenye karatasi kutafuta alipoishia. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya mstari. Angeupata. Alihitaji muda kidogo tu.

Mimi sikumpa. Niliinuka, nikamwendea nikitabasamu, nikasema, "Nipe nikusaidie, mama," na nikaichukua karatasi mkononi mwake kabla hajajibu. Nikaisoma mimi. Kwa sauti ile laini.

Tena sikuisoma kama ilivyo. Alipoandika "mashineni" nilisema "kituo cha elimu ya watu wazima". Maneno yake mawili matatu ya Kiha niliyaruka. Na karibu na mwisho kulikuwa na mistari niliyoiona ikija, nikaipitia juu kwa macho na kuiacha palepale, nikarukia shukrani. Alikuwa ameandika hivi: "Nilikuwa nasema nimesahau miwani. Sikuwa na miwani. Sijapata kuwa na miwani maisha yangu yote. Mwalimu alijua na hakumwambia mtu."

Unaona, Mwalimu? Alikuwa ameamua kulisema mwenyewe, mbele ya wageni na mbele ya wenzake watatu wa Kumsenga waliomsindikiza. Kitu alichokificha tangu usichana, alikibeba mpaka Kasulu akitaka kukitua. Na mimi nikaona ni aibu kwake, nikamfichia.

Walipiga makofi, walinipigia mimi. Mgeni mmoja akasema mimi ndiye tunda halisi la kazi ya marehemu. Nikasema asante. Nilisema asante, Mwalimu, na nikapigwa picha nimeshika cheti chako, Mama Eliza yuko pembeni, nusu ya kilemba chake imekatwa na fremu.

Niliwasindikiza nyumbani, na kwenye gari la kurudi Kibondo, upande wa Kumsenga, Mama Eliza aliketi dirishani na mkoba wake mapajani. Tulipokaribia kushuka akasema, "Umesoma vizuri." Nilitamani anitukane.

Jumamosi iliyofuata hakuja mashineni. Wala iliyofuata. Nikasikia anapeleka mahindi yake mashine nyingine, mbali, akipita njia ya mashambani ili asionekane. Mwanamke mmoja wa mashineni akauliza kama ni kweli walimcheka, wale watatu wakasimulia, na wengine wakaanza kuacha karatasi zao nyumbani. Walikuja, wakasaga, wakaondoka. Kisha Mzee Shabani akanipigia simu. Si mtu wa kupiga simu. Aliuliza hali, akauliza shule, akauliza mvua za Kasulu, halafu akasema, "Devota, siku hizi mashine yangu naisikia yenyewe. Sikujua ina kelele hivi."

Nilikaa na maneno hayo. Kila nilipoingia darasani nikafungua kitabu na kusikia sauti yangu mwenyewe, nzuri, iliyopangika, nilimkabidhi mwanafunzi kitabu asome yeye. Kwa miaka yote uliyozunguka na sikio lako, kazi yako haikuwa herufi peke yake. Ulikuwa unamlinda mtu asidhalilike mpaka awe na nguvu za kusimama mwenyewe. Na siku aliposimama mwenyewe, aliyemdhalilisha hakuwa yule wa nyuma aliyetania, wala watoto. Alikuwa mwanafunzi wako, mwenye shahada.

Nikaenda kwake. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Siku zote nilikuwa nikimwamkia shikamoo ya mjini, nimesimama, mkoba begani. Siku hiyo nilichuchumaa na kumpigia makofi taratibu kama watoto wetu wanavyowaamkia wakubwa. Aliendelea kupepeta. Akauliza, "Hayo makofi ni ya leo tu, au umehamia?"

Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yamepangika, na nilivyokuwa nayasema niliyasikia jinsi yanavyoteleza. Akanikatiza. Akaniuliza swali moja: "Ulinionea aibu mimi, au ulijionea wewe?"

Ndipo nikamwambia habari za bwenini. Sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia kwamba alipoanza kusoma nilisikia sauti yangu ya kidato cha kwanza, na kwamba mkono ulioichukua karatasi ulitaka kuinyamazisha ile, siyo yake. Aliweka ungo chini. "Walikuita Mashine?" Nikasema ndiyo. Akacheka, Mwalimu, alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi tuko mbili," akasema. "Ila moja ilizimwa mapema."

Usidhani yaliishia hapo. Kicheko kilipokwisha uso wake ulirudi ulivyokuwa. Akaniita mwanangu kwa Kiha, akasema, "Sitaki pole, mwana wanje. Pole nimepewa nyingi. Mimi nataka maneno yangu. Uliyameza." Nikamuuliza nifanye nini. Akasema mimi ndiye msomi, nifikirie.

Nimefikiri, na nisingependa ulisikie kwa mtu mwingine.

Misa yako ya mwaka imekaribia. Familia ilikuwa imenipa mimi kusoma wasifu wako, na kila mtu alichukulia hivyo, hata mimi nilikwisha kuanza kuuandika. Wageni wa wilayani wamealikwa, na wale wa tuzo. Nimemwomba mwanao wa Mwanza kazi hiyo apewe Mama Eliza, na kwamba asome ukurasa wake wote, ulivyo. Mwanao akasema hana ubaya naye, lakini watu wazito watakuwepo, tusije tukaaibika. Nikamwambia aibu imekwisha kutokea, ni yangu, na sitaki aibebe mama yule kwa ajili yetu. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akakubali, au alichoka.

Katekista naye alikuwa na wasiwasi wake. Alisema, kwa upole tu, kwamba yule mama atapiga kelele kanisani. Nikasema ndiyo, atapiga kelele. Akafikiri, akasema basi kipaza sauti tutakizima, umeme nao upumzike.

Nilipomrudishia Mama Eliza ukurasa wake aliukagua mbele na nyuma. Nadhani alitafuta kalamu nyekundu. Hakuna nilipogusa. Palipo na r badala ya l bado pana r. Akaukunja, akauingiza ndani ya Biblia, akaniambia wageni wakicheka nisithubutu kuinuka. Sijui kama amenisamehe. Hakusema, nami sikuuliza. Mashineni bado hajarudi. Anasema ataona baada ya misa. Wale wengine wanamsubiri yeye. Kama siku hiyo itaharibika, sidhani kama watakuja tena, na kila ulichokijenga pale kitakwisha mikononi mwangu. Naogopa, Mwalimu. Sijui itakuwaje.

Ninachokuahidi ni kidogo. Nitaketi benchi moja na wanawake wa Kumsenga, nitamsikiliza kama ulivyowasikiliza, na yeyote atakayecheka, awe mkubwa au mdogo, sitainuka kumwokoa mtu asiyehitaji kuokolewa. Pumzika, mama wa herufi zangu. Unisamehe kwamba nilikuonea aibu ukiwa hai, nikakujivunia ulipokufa, mbele za watu.

Ratiba ya misa nimeipeleka mwenyewe kwa katekista jana, na amekwisha kuichapa. Kwenye wasifu wa marehemu limeandikwa jina la Mama Eliza. Langu nililifuta palepale, akiona.

Devota