Tambi za Baba Mkwe, Nyuma ya Pazia

Jumamosi, mwezi wa saba. Soweto, Mbeya. Baridi ya leo haina adabu, imeingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Nimevaa soksi mbili na kitenge juu ya sweta, na vidole vyangu bado vinanuka kitunguu. Sijui nicheke au nilie, basi naandika.

Kwanza niungame.

Juzi, nilipomsikia baba mkwe wangu akimwambia mume wangu kwa simu kwamba anataka kurudi kwake Tukuyu, nilifurahi. Ana wiki tatu hapa kwetu, na wiki tatu zote nimeishi kama mpangaji katika nyumba yangu. Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa kwa Wanyakyusa, na kwa desturi yao mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Mjini wengi wameshaacha. Baba hajaacha, na mume wangu Gwamaka aliniomba nimheshimu hivyohivyo. Kwa hiyo Baba akikaa sebuleni mimi niko jikoni, na kati yetu kuna pazia la maua nililolinunua Mbalizi kwa ajili ya urembo tu. Nikitaka kutoka nazunguka kwa mlango wa nyuma. Rimoti ya televisheni nimeshaisahau sura.

Sahani zake alikuwa anazibeba Gwamaka. Lakini Jumatano aliitwa kule Ubaruku kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga, kazi ya siku mbili, na mpaka leo hajarudi. Tangu aondoke naweka chakula kwenye kigoda kando ya pazia, nagonga ukuta mara mbili, nakimbilia uani. Nikirudi nakuta chai imenywewa. Chakula kiko vilevile, kimefunikwa kama nilivyokifunika.

Mama mkwe alitutoka mwezi wa tatu. Toka hapo Baba amepungua mpaka Gwamaka akamtobolea mkanda tundu jipya kwa msumari.

Jana jioni nilipokwenda kufunga geti nikaona begi lake limeshasimama barazani. Basi la saa nne asubuhi. Ile furaha yangu ikanitoka yote, ikabaki aibu. Nilijua anachokwenda kufanya Tukuyu. Anakwenda kukaa peke yake katika ile nyumba, asile, mpaka siku moja majirani watupigie simu.

Nikampigia Gwamaka. Nikamweleza habari ya begi. Akasema, "Mpikie zile tambi za Kijapani."

Miaka kumi ya ndoa, sijawahi kusikia habari hiyo. Kumbe Baba, alipokuwa kijana, aliwahi kuwa mpishi kwenye kambi ya wataalamu wa Kijapani waliokuja kupima mifereji ya mpunga huko bonde la Usangu. Wakamfundisha kukaanga tambi zao na mboga. Aliporudi nyumbani na kuoa, asubuhi mojamoja alikuwa anaufunga mlango wa jiko kwa ndani na kumpikia mke wake, ili wanaume wenzake wasimcheke. Watoto walikuwa wanachungulia tundu la ufunguo. Mapishi yenyewe Gwamaka hakuyajua. Alikumbuka kitu kimoja tu: maji ya kuchemshia tambi yalitiwa magadi.

Magadi! Hapo nikajiona nimefika. Sisi na magadi ni ndugu, maharage hayaivi kwetu bila hayo.

Basi asubuhi hii, saa moja, nikavunja pande la magadi kama lile la sufuria ya maharage ya msiba, nikalitupia kwenye maji, nikatia spageti pakiti nzima. Maji yakafura povu, yakapanda, yakamwagikia jiko la gesi, moto ukazimika. Nikawasha tena. Nilipozichota zilikuwa za njano, laini, zinateleza kama bamia, na ukizionja unasikia sabuni. Nilitaka tambi nikapata uji, na nikalisema hilo kwa sauti.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya baridi, na machozi yakaja. Si kwa ajili ya spageti. Nilikuwa naona begi lile.

Ndipo akakohoa. Upande wa pili wa pazia, karibu kabisa.

"Magadi yamezidi," akasema.

Ni mara ya kwanza Baba kunisemesha. Nilipiga magoti palepale mbele ya jiko, kichwa chini, kama vile ananiona. Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

"Magadi ya maharage hayo. Ya tambi, yanakuwa kama punje ya mahindi. Unayayeyusha kwenye kikombe, unayaacha yatulie, uchafu unakaa chini. Unachukua yale maji ya juu tu." Halafu akauliza, "Pakiti nyingine unayo?"

Ninayo.

Basi tukapika. Naandika "tukapika" kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa yeye alikuwa sebuleni na mimi jikoni. Zitoe zikiwa bado ngumu kidogo, akasema. Zioshe kwa maji ya baridi, zipake mafuta. Akauliza nyama ipo. Nikasema ipo ya jana. Ikate nyembamba. Karai liwake moto kweli, usiliogope. Kitunguu, nyama, karoti. Nilipoishika kabichi akajua, sijui alijuaje, labda kwa mlio wa kisu.

"Kabichi usiitangulize. Mwisho, tena haraka. Iwe inalia mtu akiitafuna."

Nikasema nina soya sosi. Akacheka kidogo puani. Kambini, akasema, sosi ya wageni ilipokwisha alikuwa anaunguza sukari mpaka iwe nyeusi, anaizima kwa siki na nyanya, na wale Wajapani walikula wakamuuliza ameitoa wapi. Nikafanya vyote viwili. Jiko zima likanukia, hata baridi ikasogea.

Nikapakua, nikaweka yai la kukaanga juu. Nikasogea kwenye pazia nigonge ukuta na kukimbia kama kawaida.

"Weka tu, mwanangu. Nimegeuka."

Niliinua pembe ya pazia kuingiza sahani. Naungama tena: nilitazama. Alikuwa amekaa ameelekea dirishani, koti lake la msiba mgongoni, shingo nyembamba kama ya mtoto. Nilimpenda pale, ghafla, kama ninavyompenda baba yangu mzazi.

Sikukimbilia uani. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikasikiliza. Kimya. Halafu uma ukagonga sahani. Ukagonga tena. Sijawahi kusikia ala ya muziki tamu kuliko ile. Katikati uma ukasimama, nikamsikia akivuta kamasi, kisha uma ukaendelea.

"Mama Gwamaka," akasema, nadhani si kwangu, "alikuwa anataka yale yaliyogandia chini ya karai."

Niliyakwangua yote. Nikayapitisha chini ya pazia kwenye kibakuli, bila kugonga ukuta.

Vikarudi vyombo viwili, vyote vyeupe. Na neno moja la kwao la kushukuru, ambalo nalijua vizuri: "Ndaga."

Nilitoka uani kufua, kwa sababu sikutaka kumsikia akiondoka. Nilifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu nikazunguka mbele, taratibu. Begi halikuwepo barazani.

Nilisimama hapo na mikono yenye povu. Amekwenda. Amekula, ameshukuru, amekwenda. Nikajilaumu kwa ile furaha ya juzi, nikaona kama ilimfikia kupitia ukutani.

Nikarudi jikoni kwa mlango wa nyuma, nikaanza kulisugua karai.

"Mwanangu." Nyuma ya pazia. "Kile kikombe cha maji ya magadi, usikimwage."

"Sijakimwaga, Baba." Chini ya pindo la pazia nikaliona begi lake, limerudishwa ndani.

"Kanunue pakiti nyingine mbili. Kesho uwahi ibada ya kwanza, usirudi upesi. Jikoni nitaingia mimi."

Nimeshazinunua. Nimeziweka mezani na kabichi, karoti, mayai na chupa ya siki, vyote kwa mstari. Gwamaka nimemwambia kwenye simu, naye mtu mzima amelia kwenye kinu cha watu.

Kesho nikirudi kanisani nitakuta mlango wa jiko langu umefungwa kwa ndani. Nitakaa nje, kwenye ndoo yangu, nisubiri. Ila lile tundu la ufunguo, sijui kama nitaweza kuliacha bila kuchungulia.