Buluu Hufa Kwanza

Yonezawa, 6 Oktoba

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi ni juu yako na magoti yako.

Taa yangu imewaka. Ni kipande cha kioo tu, hakina balbu. Nimekipaka tabaka ya buluu na ya manjano, nyembamba mno, zikiwaka pamoja unaona nyeupe. Na mwanga wake unabeba sauti, Bibi. Unakonyeza upesi kuliko jicho linavyoweza kuona, na kisanduku kilicho mbele yake kinatoa maneno.

Ila buluu huchoka kwanza. Siku ya tisa, taa ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Profesa Onodera amesema theluji ikiyeyuka kabla taa haijapona, kazi inafungwa. Hapo nitarudi nyumbani.

Mjukuu wako,
Yukino

Nagai, 15 Oktoba

Yukino,

Marahaba. Magoti yananiuma, usiyaulize kila barua. Herufi hizi ulinifundisha wewe, zikiwa mbaya jilaumu.

Eti mwanga unasema. Nimeishi nao miaka themanini na minne, haujaniambia kitu.

Rudi. Mitungi ya nili, ya kutia hariri rangi ya buluu, inakungoja. Nikifa, nani ataitilia pombe ya mchele ili nili ichachuke? Mama yako? Harufu tu inamkimbiza.

Bibi yako,
Kiyo

Yonezawa, 20 Januari

Bibi,

Shikamoo. (Magoti sitayataja.) Nimejaribu mara kumi na saba. Nikiisukuma buluu kwa umeme mwingi ing'ae, inakufa upesi zaidi. Nifagilie chumba.

Yukino

Nagai, 2 Februari

Yukino,

Chumba nimefagia, godoro nimetandika. Kisha nikakaa juu yake siku tatu nimenuna, maana jibu ninalo.

Mjinga wewe, umekulia miguuni pa mitungi yangu. Lini uliniona nikitosa hariri mara moja kwenye nili kali? Buluu ya pupa huondoka na maji ya kwanza. Tunatosa kwenye nili dhaifu, tunatoa, tunatosa tena, mara ishirini. Hakuna kutosa kunakobeba mzigo peke yake. Basi panga buluu mbili, tatu, kila moja ifanye kidogo.

Sikutaka kukuandikia haya. Nilitaka urudi.

Bibi yako

Nagai, 9 Aprili

Yukino,

Leo salamu zimenipotea. Mama mmoja wa maabara yenu, Hayasaka, amekuja na taa yako, akaitundika juu ya meza yangu, kisanduku akakiweka chini yake. Anasema imewaka siku arobaini bila kugeuka rangi. Nimetia rangi miaka sabini, mjukuu wangu, na nyeupe sijawahi kuitia. Hakuna aitiaye. Wewe umeitia.

Kisha wewe ukaongea kutoka kisandukuni. "Bibi, buluu ni tatu, kama ulivyosema."

Nikajua ni ujanja wa redio. Nikaweka kiganja kati ya taa na kisanduku. Ukanyamaza. Nikakiondoa, ukaendelea. Nimefanya hivyo mpaka chai ya mgeni ikapoa. Sauti yako ilinitua mkononi, juu ya mikunjo na kucha zangu za buluu, na mkono haukuhisi uzito wowote.

Chumba nimejaza mapipa ya figili za chumvi. Usirudi kukaa, njoo tu kula.

Mwishoni uliuliza, "Bibi, unanisikia?" Kisanduku chako kina mdomo, masikio hakina. Kwa hiyo nakuandikia: nakusikia.

Bibi yako,
Kiyo