Hodi ya Nuhu

Mikindani, Machi 2006

Kaka Nuhu,

Salamu zikufikie huko Durban. Sisi wazima, na mihogo imekubali.

Ile gemu uliyoitengeneza mwenyewe tunaitunza; diski nimeiviringishia kanga. Ila mashine yake haitengenezwi tena viwandani, na fundi wa Mtwara amekosa kipuri. Imezimika tangu Ijumaa.

Mama alikuwa hachezi ili ashinde. Kila mara alimfikisha yule kijana wa kwenye gemu mlangoni ili asikie sauti yako ikisema, "Hodi," naye aitikie, "Karibu, baba." Kisha alianza upya.

Jana jirani yetu Thabiti alipiga hodi. Mama akaitikia, "Karibu, Nuhu," akaenda kupakua chakula.

Thabiti alikula, kaka. Alishindwa kumwambia kuwa yeye si wewe.

Mdogo wako,
Hafsa